Yah: Binti Yangu Kuendesha Seva Zako Gizani

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi,
Kampuni ya Mabasi,
Makao Makuu, ghorofa ya juu, mlango wenye zulia.

Mheshimiwa Mkurugenzi, mwanangu,

Marahaba. Natanguliza kuitikia kwa sababu najua ungeniona ungenipa shikamoo yangu, na barua haina nafasi ya kusubiriana.

Mimi ni yule dereva mzee. Huna haja ya kuuliza yupi. Marehemu baba yako aliponunua basi la kwanza hakutafuta dereva mwingine, na aliponunua la pili alisikitika kwamba siwezi kukatwa vipande viwili niyaendeshe yote. Wewe ulikuwa unapanda mbele, juu ya boneti, unapiga honi yangu bila ruhusa, wala sikukusemea kwa baba yako hata siku moja. Sikukumbushi ili unilipe fadhila. Nakukumbusha tu ujue anayeandika ni nani.

Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu. Shule nilikaa kidogo, mwalimu akaona nimeshaelewa, nikaondoka. Kisomo cha watu wazima nilihudhuria baadaye nikawa kiranja. Kwa hiyo ukiona mahali pamefutwafutwa, si kutojua, ni wingi wa mawazo.

Jambo lenyewe ni binti yangu, kitinda mimba wangu, uliyemwajiri kuangalia seva za kampuni. Kwa faida ya karani atakayefungua bahasha hii, nieleze: seva ni kompyuta isiyokaliwa na mtu, inafungiwa chumba cha nyuma cha kila ofisi ya tiketi, katika kila mji tunaofika. Ikifanya kazi, tiketi zinatoka, vifurushi vinajulikana ni vya nani, mabasi yanaondoka. Ikigoma, abiria wanakaa juu ya magodoro yao wanatukana. Binti yangu anaziangalia seva hizo zote kutoka mbali, akiwa nyumbani kwangu, sebuleni, kwenye meza yangu ya kulia chakula. Miji yote hiyo iliyonivunja mgongo kuifikia, yeye anaifikia amevaa kandambili.

Sasa, umetoa waraka. Unasema umenunua programu mpya yenye picha, kila seva ina taa yake na vitufe vyake, na kuanzia mwezi ujao kila fundi aitumie hiyo. Asiyetaka atahamishiwa dirisha la kupokea vifurushi. Atakayeimudu ndiye atakayekuwa mkuu wa kitengo. Ni waraka wa busara, niliupigia makofi peke yangu. Binti yangu aliusoma akinywa chai, akaukunja mara nne, akauweka chini ya ule mguu wa meza unaocheza. Tangu hapo meza imetulia. Mimi sijatulia.

Sijatulia kwa sababu anayeshindana naye kwa cheo hicho ni mtoto wa Kondakta. Kondakta gani? Kondakta wangu! Yule aliyening'inia mlangoni kwangu miaka yote, akipiga bati mara mbili ili niondoe gari. Leo ni jirani yangu, ukuta mmoja, na mwanawe, ambaye mtaa mzima tunamwita Bwana Rangi, ni fundi wa seva zako kama binti yangu. Mimi mbele, Kondakta mlangoni: ndivyo gari lilivyotengenezwa. Sasa unataka kuniambia mtoto wa mlangoni akae kwenye usukani, na mtoto wa usukani apokee vifurushi vya samaki wakavu?

Bwana Rangi programu ya picha ameikumbatia. Binti yangu ameng'ang'ania dirisha lake jeusi la kuandika amri kwa herufi. Naomba umwandikie barua kali yenye mhuri aliache. Sababu zangu ni hizi:

1. Weusi wenyewe. Kompyuta ya binti yangu ikiwashwa inatoa picha na wimbo, anaipita kama haioni, anafungua dirisha jeusi ti. Humo ndani hamna ua, hamna mlima, hamna hata kijisaa pembeni. Kuna kimstari kimoja kinakonyeza, basi. Nilimwalika kinyozi wangu aje aone jinsi mwanangu anavyoamuru mitambo ya miji mizima. Alikuja amevaa shati la kutokea. Akakaa, akatazama kile kioo, akatazama ukutani, akarudi kwenye kioo. Mwisho akaninong'oneza, "Mzee, tusubiri umeme urudi?" Mtu niliyemsimulia habari za binti huyu kila anaponinyoa! Siku hizi akininyoa anabadilisha mazungumzo.

2. Ukimya. Binti yangu anaandika mstari mmoja, anabonyeza, na mtambo haujibu neno. Nilimwuliza kama umemsusia. Akanijibu, "Baba, ukikaa kimya ndiyo umefanya. Ukisema ndipo ujue kuna tatizo." Mheshimiwa, wewe una watoto. Ni lini ulimtuma mtoto dukani, akakaa kimya palepale, ukasema huyu ameshakwenda? Na ukimya wa mke, je, nao nihesabu kuwa ni kazi imekwisha? Nilimwuliza mama watoto mwenyewe kuhusu hoja hii. Alinyamaza.

Programu yako haina mambo hayo. Kwa Bwana Rangi kila kitu kinajibu. Akibofya, kinatokea kibao: Imefanikiwa. Akifunga kibao, kinatokea kibao kingine kumjulisha kwamba kibao cha kwanza kimefungwa. Huko ndiko kuthaminiana. Mimi nilipofikisha basi salama nilipiga honi mara tatu mji mzima ujue. Sikuingia stendi kimyakimya kama mwizi wa kuku, nikasema wakiona vumbi watajua.

3. Uvivu. Hili linaniuma kama mzazi. Majuzi ilibidi kila seva ibadilishiwe kitu fulani kidogo, sikumbuki nini, si la msingi. Bwana Rangi alianza na taa ya mji wa kwanza. Akabofya, akasubiri kiduara kizunguke, akabofya Sawa, akafunga, akaenda taa ya mji wa pili. Hivyo hivyo, mji baada ya mji, mpaka jua likaondoka ukutani kwao. Alitoka nje anaukanda mkono, mama yake akamwekea maji ya vuguvugu na chumvi. Hiyo ndiyo kazi, Mheshimiwa. Ina jasho, ina dawa ya kuchua.

Binti yangu alifanya nini? Aliandika mstari mmoja, akauambia uzunguke miji yote wenyewe, akaenda jikoni kukatakata vitunguu. Nilimfuata nikamkuta anaonja mchuzi. Nikamwuliza, sasa nani amekaa na mashine? "Mstari, Baba." Basi nakuomba mshahara wa siku ile ulipwe mstari.

Na si hilo tu. Kumbe ile mistari anaihifadhi! Akiihitaji tena anaiita kwa jina lake nayo inakuja, kazi aliyoifanya mwaka jana anaifanyisha tena mwaka huu. Mimi kila safari niliiendesha upya, kona kwa kona. Sikuwahi kuihifadhi safari, nikairudia nimekaa jikoni.

4. Hapa nilikuwa nimeandika habari fulani za Kondakta na abiria wa njiani. Mama watoto amepitisha macho akasema haihusiani na kompyuta na si ya kuandikiwa mkurugenzi. Nimeifuta. Namba nimeiacha ili ujue ilikuwepo.

5. Kukosa adabu. Nimeambiwa, na kesho nitakwenda kuhakikisha, kwamba programu yako ya picha kabla ya kufanya jambo kubwa inasimama, inakuuliza: Una uhakika? Nilipolisikia hilo nilivua miwani nikaifuta. Mashine inayomwuliza mtu mzima maoni yake! Wanangu wenyewe hawajafika hapo.

Dirisha jeusi halimwulizi mtu. Ukiliambia lifute, linafuta. Umekosea herufi, hiyo ni shauri yako. Binti yangu anasema ndiyo maana kabla ya kubonyeza anausoma mstari wake mpaka mwisho, na kweli nimemwona, midomo inamcheza kama mtu anayekariri. Mimi nasema huo ni woga. Mtu anayejiamini hahitaji kusoma mpaka mwisho. Anahitaji kuulizwa tu, ajibu Ndiyo. Mimi katika maisha yangu kila nilipoulizwa kama nina uhakika, nilikuwa nao. Baba yako aliwahi kuniuliza kama nina uhakika lile daraja la mbao limesalimika na mafuriko. Nilisema Ndiyo hata hajamaliza kuuliza. Tukavuka, na abiria wote, na mbuzi wa mtu juu ya keria. Daraja lilianguka tukiwa tumeshapita, kwa hiyo hilo halinihusu.

6. Kukosa dashibodi. Hapa naomba unisikilize kwa makini kwa sababu naongea kama mtaalamu. Dereva ana saa ya mwendo, saa ya mafuta, saa ya joto, na kitaa cha breki. Programu ya picha ina hayo yote na zaidi: ina mistari inayopanda na kushuka, ina duara zinazojaa kama ndoo, ina mshale unaotetemeka. Bwana Rangi anaitazama mishale hiyo kwa uso wa daktari. Hata kama haelewi, anapendeza.

Binti yangu nilimwuliza: wewe unajuaje kwamba seva ya mji fulani imechoka, na hakuna mshale? Unajua alinijibu nini? Kwamba anajua kwa jinsi inavyochelewa kumrudishia herufi anazoziandika. Anaandika herufi, inachukua muda kutokea, basi anajua huko mbali kuna mzigo mkubwa. "Naisikia kwenye vidole, Baba." Vidole! Kampuni kubwa kama hii, mabasi yenye viyoyozi, inaendeshwa kwa kupapasa!

Najua utasema hata mimi. Kweli, basi la kwanza la baba yako saa zake zilikuwa zimekufa zote, mshale wa mafuta umelala chini kama mgonjwa, na joto la injini nilikuwa nalijua kwa mlio wake mlimani na kwa unyayo wa mguu wangu wa kulia. Fundi akiniambia gari zima, mimi nasema hapana, kuna kitu kinalalamika kushoto, na akifungua anakikuta. Lakini mimi ni mimi. Usilinganishe mambo.

7. Kuzurura na ofisi. Dirisha lile jeusi linafunguka hata kwenye simu yake ya mkononi, ile yenye ufa. Kwa hiyo binti yangu anatembea na seva zako zote ndani ya mkoba, pamoja na kitana na limau. Nimemwona anatengeneza ofisi ya tiketi ya mji wa mbali akiwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga, mtandao wenyewe unakuja na kukata. Je, huo ni mwenendo wa mkuu wa kitengo? Bwana Rangi hawezi kufanya upuuzi huo hata akitaka. Programu yake inahitaji kioo kipana na mtandao wenye nguvu. Mtandao ukilegea, picha inakuja kichwa leo na miguu kesho. Kwa hiyo anakaa mahali pamoja, anajulikana alipo, kama afisa. Mkiharibikiwa akiwa safarini mnamsubiri arudi, na kusubiriwa ndiko kunakomfanya mtu awe mkubwa.

8. Mimi mwenyewe. Mheshimiwa, nimefika umri wa kukaa mlangoni na kupokea pongezi. Mtu akipita akiuliza binti yako anafanya kazi gani, nataka nimwonyeshe kwa kidole, aone taa zinawaka, aone miji, aseme lo! Badala yake naonyesha kioo cheusi halafu naanza kueleza. Mtu wa heshima haelezi. Wakati huohuo upande wa pili wa ukuta Kondakta ameisogeza meza ya mwanawe dirishani, pazia ameliondoa, watoto wa shule wanasimama kutazama rangi. Wanapiga makofi taa ikiwa ya kijani. Kwetu hakuna aliyesimama ila mtu wa kusoma mita.

Kutokana na hayo, naleta maombi yangu, nayo si makubwa:

Kwanza, binti yangu azuiwe kabisa kuandika amri kwa herufi. Apewe kidude cha kubofyea, na akionekana anatumia herufi akatwe likizo.

Pili, kioo chake kiwe kikubwa kuliko cha Bwana Rangi, hata kwa upana wa mkono tu, na kielekee barabarani. Meza nitaisogeza mwenyewe.

Tatu, kila kazi ikifanikiwa mashine ipige honi. Ikiwezekana iwe honi ya lile basi la kwanza, ile ya sauti mbili. Unaikumbuka, uliipiga vya kutosha.

Nne, ile mistari yake aliyoihifadhi yote ifutwe, ili kila asubuhi aanze kazi upya kama sisi tulivyoianza. Asiwepo mtu nchini anayemaliza kazi mapema.

Tano, swali la Una uhakika liulizwe kwa kila jambo, hata dogo, hata la kufungua mashine, hata la kuifunga. Na jibu la Hapana liondolewe, maana sioni fundi wa kampuni hii anapaswa kulitumia wakati gani.

Sita, akishayafanya hayo, na wewe mwenyewe ukaona jinsi anavyobofya, umpe kitengo. Sitaki upendeleo. Nataka apite mbele ya mtoto wa Kondakta kihalali, kwa vitufe.

Kondakta amenialika kesho asubuhi kwao nikaione programu kwa macho yangu. Amenialika kwa dharau, lakini nitakwenda kwa heshima. Nikirudi nitakuongezea neno hapo chini kabla sijaibandika bahasha, ingawa najua litakuwa la sifa tupu.

Nisalimie mama yako, mwambie ile thermosi aliyonipa bado inatunza moto. Nisalimie karani wako na asinung'unike kwa urefu. Wasalimu mafundi wa gereji, hasa wa matairi. Msalimu na yule mlinzi wa geti aliyeniuliza mimi nani, mwambie nimemsamehe, aulize wenzake. Madereva wote nawasalimu kwa ujumla, wapunguze mwendo kwenye kona, mimi sikupunguza lakini wao si mimi.

Ni mimi, niliyeshika usukani kabla hujajua kushika kijiko,

Dereva wa Basi la Kwanza (mstaafu kwa hiari, si kwa macho kama wanavyosema).

Nyongeza, kesho yake mchana:

Mheshimiwa, nimerudi kwa Kondakta. Kufikia sasa ofisi zako zote zitakuwa zimekupigia simu. Utasikia kwamba leo asubuhi tiketi zilisimama katika miji yote kwa mpigo. Ni kweli. Utasikia pia kwamba aliyezisimamisha ni Bwana Rangi. Si kweli, na ingawa ni mtoto wa Kondakta, sitamwachia mtu mwingine kazi ya kidole changu.

Ilikuwa hivi. Nilipokelewa vizuri, nikapewa kiti chenye mto. Kioo chenyewe kipana kama cha mbele ya basi. Taa za kijani zimejipanga, kila mji na yake, nikaisoma miji yote kwa sauti kwa kuwa yote nimeifikia. Nilifurahi, sifichi. Mara geti likagongwa, Kondakta akawa yuko uani, Bwana Rangi akainuka kwenda kufungua. Akaniambia, "Mzee wangu, tazama tu, usiguse." Neno hilo haambiwi dereva.

Taa ya mji mmoja, ule wa mlimani, ilikuwa ya njano. Nikaona aibu kwa niaba yako. Nikashika kile kidude. Juu kabisa palikuwa na kijisanduku kitupu, nikakitia alama ya vema nikidhani ni pa kuonyesha kwamba umehudhuria. Taa zote zikazungushiwa mstari wa buluu kwa wakati mmoja, vikatokea vitufe. Kimoja kilikuwa chekundu, kinang'aa kuliko vyote. Kimeandikwa Simamisha. Nikasema sawasawa, gari huwa linasimamishwa kwanza ndipo fundi aingie chini. Nikabonyeza. Programu ikauliza: Una uhakika?

Mheshimiwa, wewe unanijua.

Nikabonyeza Ndiyo. Ikaniuliza tena, safari hii kwa herufi kubwa, na orodha ndefu ya miji chini yake. Sikuisoma mpaka mwisho, niliona sasa hii ni dharau, mtu kaulizwa kajibu. Nikabonyeza Ndiyo kwa nguvu mpaka kikombe kikalia kwenye kisahani.

Taa zikaanza kuwa nyekundu, moja baada ya nyingine, kwa utaratibu mzuri ajabu. Inapendeza kutazama, hilo silifuti. Kisha zikawa rangi ya majivu. Kisha picha yenyewe ikaondoka, kwa sababu kumbe programu hiyo nayo inaishi ndani ya seva ya makao makuu, ambayo nayo ilikuwa na taa. Bwana Rangi alirudi, akabofya, akabofya, kiduara kikazunguka. Hakuna kitufe cha kurudishia vitufe. Kijana wa watu machozi yalimlengalenga. Kondakta alivua kofia yake akaniangalia. Upande wa stendi tulianza kuwasikia abiria.

Nilikwenda kumtafuta binti yangu. Sikukimbia, nilitembea kwa haraka. Nikamkuta kwa msusi, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama wima. Nikamweleza kwa kifupi. Akaniuliza, "Baba, ulibonyeza nini?" Nikamwambia, Ndiyo. "Ndiyo nini?" Nikamwambia, ndiyo, nina uhakika. Msusi alicheka mpaka kitana kikamponyoka. Binti yangu hakucheka. Alitoa ile simu yenye ufa, mtandao unakuja na kukata, akafungua dirisha lake jeusi. Akatazama kidogo, akasema mashine zenyewe zi hai, zimeambiwa tu ziache kazi. Akaandika mstari mmoja kwa dole gumba. Akausoma mpaka mwisho, midomo inamcheza. Nilikuwa nimesimama karibu, nilimwona. Nami nikajikuta nauombea. Akabonyeza.

Kimya.

Nikamwambia, haijajibu. "Ndiyo hivyo, Baba," akasema, akamrudishia msusi kichwa chake.

Nilibaki mlangoni pa msusi, sijui nifanye nini na mikono. Halafu nikasikia basi linawashwa stendi. Lile la kwenda mlimani, nalijua kwa kukohoa kwake. Mtu akapiga bati mara mbili. Gia ya kwanza, ya pili, likaondoka. Likafuata jingine. Sikuona taa hata moja ya kijani, Mheshimiwa, na sikuihitaji.

Kwa hiyo barua hii isome kuanzia huku chini, ukifika juu ya mstari huu unaweza kuacha. Sikuiandika upya kwa sababu hoja zangu nimezipanga vizuri na ingekuwa hasara kuzitupa eti kwa kuwa si za kweli. Binti yangu mwache na giza lake na umpe kitengo. Waraka wako sitaurudisha, nikiutoa meza itaanza kucheza tena na anafanyia kazi hapo. Bwana Rangi msimfukuze, hana kosa, taa zake zinapendeza na kampuni inahitaji cha kuwaonyesha wageni. Hata basi zuri linataka mtu wa mlangoni.

Na ukijiuliza huyo binti amejifunza wapi kuendesha bila saa, bila mshale, kwa kusikiliza tu chombo kinavyolalamika, usihangaike kuuliza vyuoni.

Wala usiniandikie kuniuliza kama nina uhakika.